Kurasa Nilizomficha Mama Fundi

Katika kundi letu la wasomaji hakuna ruhusa ya kupendekeza riwaya kwa watu wote. Ukisema kitabu hiki ni kizuri, kila mtu akisome, mzee karani, ambaye ndiye mwenyekiti wetu, anakukata kauli: "Kila mtu ni nani? Ana watoto wangapi? Anaamka saa ngapi?" Unatakiwa kumtazama mtu mmoja usoni, useme kitabu hiki ni chake, na useme kwa nini. Tunaita jambo hilo kudhamini, kama mtu anavyomdhamini mwenzake kwenye chama ili apewe mkopo. Anayepewa kitabu husoma kurasa hamsini kabla ya kulalamika. Kikimshinda, mdhamini husimama mbele ya wenzake na kueleza alikuwa amemdhania mtu huyo kuwa mtu wa namna gani.

Adhabu ni hiyo tu. Hakuna faini, hakuna kununua soda. Lakini mimi ningelipa faini ya aina yoyote kuliko kusimama pale.

Tunakutana Jumamosi alasiri juu ya paa la ghorofa moja huko Baba Dogo, kati ya matangi ya maji na kamba za nguo. Mara nyingi tunakuwa wanne. Yupo mzee karani, aliyestaafu kutoka ofisi za baraza la jiji na bado huja na kalamu mbili mfukoni. Yupo kijana anayeuza viatu vya mtumba katika soko la Gikomba. Yupo mama fundi, anayeshona sare za shule katika chumba cha chini cha ghorofa hiyo hiyo. Na nipo mimi, ninayetoka mtaa wa Fedha kwa dada yangu. Shahada yangu ni ya hesabu za bima. Kwa miaka minne nilifundishwa kukadiria balaa kabla haijafika, na kwa kuwa hakuna kampuni iliyoniajiri bado, nakadiria balaa zangu mwenyewe, bure.

"Huyu msomi," muuza viatu huwaambia wenzetu, "ukimpea chai anauliza kwanza kama kikombe kitapasuka."

Mwandishi ninayempenda kuliko wote nilimpata Gikomba, katika rundo la riwaya ambazo wanafunzi walizisomea mtihani wakazitupa. Jalada lilikuwa limeng'oka pamoja na ukurasa wa kwanza, kwa hiyo nilimpenda mwaka mzima kabla sijamjua jina. Mwanafunzi fulani alikuwa amejaza pambizo kwa penseli: maudhui, tashbihi, sifa za mhusika. Katikati ya kelele hizo zote za mtihani, mwandishi alikuwa ametulia. Hajawahi kuniambia kwamba mtu ni mwema. Anamwonyesha mtu huyo akigeuza viatu vya wageni mlangoni ili vielekee nje, wasihangaike wakati wa kwenda, kisha anaendelea na habari nyingine kana kwamba hakuna lililotokea. Mara ya kwanza nilipofika hapo nilikifunga kitabu nikaenda kusimama dirishani. Tangu siku hiyo nikiona viatu mlangoni kwa mtu, natazama vimeelekea wapi.

Nimesoma vitabu vyake vyote vitano. Sijawahi kumkuta akijionyesha. Anapokuwa na sentensi nzuri anampa mhusika mdogo kabisa aiseme, muuza maji au mtoto wa jirani, na wakubwa wanaachiwa maneno ya kawaida. Naweza kuzungumza juu yake mpaka mtu aangalie saa, na watu huangalia.

Mwaka jana mume wa mama fundi alifariki, baada ya kuugua kwa muda mrefu nyumbani. Mama fundi hakupanda paani kwa miezi mingi. Tulikuwa tukisikia cherehani yake chini tunapopita kwenye ngazi, tunamsalimia mlangoni, anaitikia bila kuinua kichwa. Kisha Jumamosi moja akaja, na mfuko uliojaa vitabu tulivyokuwa tumemwazima.

"Sitakaa sana," akasema. "Nilikuwa mtu wa kusoma, mnajua. Sasa nasoma ukurasa mmoja mara tatu na hauingii. Ni kama kusukuma gari imezima. Nimekuja kuwaambia ukweli. Nipeni kimoja cha mwisho. Kikinishinda nacho, nimeacha, na msishuke huko chini kunibembeleza."

Mzee karani alikunja uso. Alimpenda mama fundi kama msomaji kuliko sisi wengine, kwa sababu yeye peke yake aliweza kubishana naye juu ya mwisho wa riwaya na kumshinda. "Zamu ya kudhamini ni ya nani?" akauliza.

"Ya msomi," akasema muuza viatu. Akamgeukia mama fundi. "Pole sana, mathe."

Mama fundi alicheka kidogo. Mimi sikucheka.

Nilijua kitabu gani kilikuwa chake. Nilikuwa nakijua tangu zamani. Ni kile kile nilichokipata Gikomba, riwaya ya tatu ya mwandishi wangu, juu ya mwanamke mwenye mashine ya kusaga unga, anayesikiliza habari za mtaa mzima huku akijifanya hasikii kwa sababu ya ngurumo za mashine. Mama fundi naye hufanya hivyo hivyo na cherehani. Mwanamke yule ni mkali, mcheshi, hapendi kuonewa huruma. Kila nilipokisoma nilimsikia mama fundi.

Tatizo ni kwamba katikati ya kitabu mume wa mwanamke huyo anaugua na kufa. Kurasa kumi kamili. Na ni kurasa bora kuliko zote alizowahi kuandika mtu huyu.

Nilifikiri kwa siku nne. Kumpa kitabu kingine? Kingekuwa kizuri, lakini kisingekuwa chake, na hiki kilikuwa cha mwisho. Kumwonya kabla? Ningesema nini: mama, kuna kifo ukurasa wa mia na arobaini na moja, ruka? Angefika hapo akiwa na hofu, au asingefika kabisa. Alhamisi jioni nikachukua wembe wa dada yangu, nikazikata karatasi tano karibu na mshono, nikazitia katika bahasha chini ya godoro. Vitabu vya mtumba hupungukiwa kurasa kila siku, hakuna anayeshangaa. Kuhusu yule mume, ambaye baada ya hapo haonekani tena, nilijiambia msomaji atadhani amesafiri kikazi.

Ndivyo nilivyojiambia, mimi mwenye shahada.

Jumamosi nikamtazama mama fundi usoni, nikasema kitabu hiki ni chako kwa sababu mwenye mashine ya unga anasikia kila kitu kama wewe. Nikaongeza haraka kwamba kuna kurasa chache zimepotea, lakini hazina neno. Mzee karani aliinua macho. "Kurasa za riwaya zisizo na neno?" akauliza. Nilijifanya nimesikia simu.

Jumanne asubuhi ujumbe uliingia. "Kijana, kuja hapa kwangu." Hakuna salamu. Mama fundi ni mtu wa salamu ndefu, anauliza habari za dada yako na za kuku wa dada yako. Kutoka Fedha mpaka Baba Dogo niliupitia ujumbe huo neno kwa neno, nikatunga majibu saba. Bahasha nilikuwa nimeitia mfukoni bila kujua kama nitaitoa.

Nilimkuta ameketi nyuma ya cherehani, sweta za shule zimerundikwa mezani, kitabu wazi mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Keti hapo. Huyu mzee alienda wapi?"

"Mzee gani, mama?"

"Bwana ya huyu mama wa posho mill. Ukurasa wa mia na arobaini yuko kitandani anakohoa. Mia na hamsini na moja, kiti chake kimepewa mgeni."

Nilianza kusema habari za vitabu vya Gikomba, jinsi gundi inavyozeeka. Akaninyooshea mkono, kama mtu anayeomba kuoneshwa kitambaa, akanishika kidole akakipitisha kwenye mshono wa kitabu, pale karatasi zilipokuwa.

"Sikia. Karatasi ikianguka yenyewe inaacha nyuzi. Hii imekatwa na wembe mpya, na mkono wa mtu anayetetemeka. Mimi nimekata nguo miaka thelathini, mwanangu. Na hapa," akafunua ukurasa mwingine, "mwanafunzi wa zamani ameandika kwa penseli: 'Kifo cha mume, linganisha uk. 145.' Sasa wewe ulikata kifo ukaacha penseli."

Majibu yote saba yalikuwa yamekimbia.

"Ulifikiria nitavunjika," akasema.

"Ndiyo."

"Wote wanafikiria hivyo. Kanisani wakiniona wanaacha kuongea juu ya mabwana zao. Dada yangu akija anaficha picha ya harusi yake kwa simu. Nimekuja kwenu kwa sababu hapo juu huwa mnabishana na mimi. Kumbe na wewe." Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Ziko wapi?"

Nikaitoa bahasha. Alizihesabu karatasi, akazipanga, akavaa miwani yake ya kutungia uzi, akaanza kusoma. Niliuliza kama nitoke nje. Akasema nikae palepale nilipo.

Mimi kurasa hizo nazijua karibu kwa moyo, na nilizifuata nikiutazama uso wake. Mume hataki uji kwa sababu una chumvi, mke anamkasirikia kabisa, mgonjwa au si mgonjwa. Hapo mama fundi aliguna puani, karibu kicheko. Kisha mke anasikia mtu wa maji nje, anatoka na madebe, wanaanza kugombana juu ya debe moja linalovuja. Mwandishi anaufuata ugomvi huo, kila neno, na ni ugomvi wa kuchekesha sana. Mke anashinda. Anaingia na maji, na mume ameshakwenda. Mwandishi hasemi "kumbe." Halaumu. Anasema tu kwamba mke aliyamimina maji kwenye pipa, debe la kwanza na la pili, kwa sababu yalikuwa mikononi.

Mama fundi alifika hapo akasimama. Nilijua ni hapo kwa sababu ya mahali macho yake yalipokuwa kwenye ukurasa. Aliirudia sehemu hiyo. Nikakumbuka alivyosema juu ya kusoma ukurasa mara tatu na hauingii. Lakini baada ya kuirudia alivua miwani.

"Nilikuwa naosha sufuria," akasema. "Pale koridoni. Nilikuwa nimemwacha dakika chache, na nilikuwa nimemkasirikia, juu ya dawa. Nikasikia kimya. Unajua nilifanya nini? Nilimaliza ile sufuria. Nikaisuuza. Sijaambia mtu."

Nilitaka kusema kitu. Nina tabia ya kuujaza ukimya, na nilikuwa na mambo mengi ya kusema juu ya mwandishi huyo na jinsi asivyomhukumu mtu. Namshukuru Mungu kwamba nilinyamaza, maana mwandishi alikuwa amekwisha kuyasema mwenyewe, vizuri kuliko ambavyo ningeweza.

"Huyu mtu alijuaje?" akauliza, akigonga karatasi kwa kidole.

"Sijui, mama. Huwa najiuliza."

"Ameandika zingine?"

"Nne."

"Lete zote. Na usiniguzie hata moja."

Akazichomeka karatasi tano mahali pake. Nikasema zitakuwa zikianguka. "Zikianguka nitaokota," akajibu, akavaa miwani, akaendelea na ukurasa wa mia na hamsini na moja, ambao sasa ulikuwa na maana.

Wakati huo mwanamke mmoja akafika mlangoni na mtoto wa shule mkononi. Alikuwa amekuja kuchukua sweta. Mama fundi aliinua kiganja bila kuinua macho.

"Mama, ulisema saa nne," mteja akasema.

"Ni kweli. Ngoja nimalize hapa."

"Umalize nini?"

Mama fundi aligeuza ukurasa, na baada ya muda si mrefu akageuza mwingine. Mteja alinitazama mimi, kama mtu anayetafuta mwenye akili timamu ndani ya chumba. Nikatoka nikasimama naye koridoni.

"Anasoma nini huyo, ni mtihani?" akaninong'oneza.

"Hapana. Ni riwaya."

"Na ni tamu hivyo?"

Sikumjua mwanamke huyo hata kidogo, saa yake ya kuamka wala idadi ya watoto wake. Nikamwuliza anafanya kazi gani. Akasema anapika shuleni, anapikia watoto mia nne, na kila siku kuna mmoja anayesema chakula hakina chumvi. Nikavuta ndoo ya mtu iliyokuwa imegeuzwa hapo, nikampa akalie, na nikaanza kumsimulia habari za mwanamke mmoja mwenye mashine ya unga, kwa sauti ya chini, tusije tukamsumbua aliye ndani.