Nilikata Maneno ya Marehemu Nikabakiza Piano

Mimi ni mwizi. Naanza hivyo ili msije mkanionea huruma huko mbele, maana najijua, nina ulimi wa kuomba huruma. Tena si mwizi wa kuku. Ni mwizi msomi, mwenye miwani na shahada ukutani. Niliiba msibani mchana kweupe huku watu wakicheka, kisha kwa kidole hiki cha mkono wa kulia nikampotezea binti wa watu radhi za baba yake. Radhi, jamani!

Nisikilize kama unavyomsikiliza jirani aliyekuja barazani kwako akiwa hana amani. Ukitaka kunitukana, subiri nimalize.

Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, nafundisha chuo hapa Morogoro, somo la udongo. Nyumba yangu iko Kihonda. Udongo ndio unaonilisha, lakini ugonjwa wangu ni piano ya jazz. Nina santuri, nina kanda, nina mashine tatu za kuzichezea. Mbili ni mbovu ila sizitupi, eti zina historia. Chumba kizima nimekifunga kwa ajili hiyo. Wanangu wamekua wakijua kwamba baba akiwa anasikiliza, hakuna kupita koridoni na kandambili. Mke wangu alikiita chumba kile wodi ya mahututi, na mimi nilikasirika kwa sababu ni kweli.

Tulikuwa na kikundi. Watu wazima wanne, kila Jumapili mchana, tunajiita Masikio ya Dhahabu. Jina nililichagua mimi. Tunakaa, tunafumba macho, kahawa inapoa. Mmoja anasema, "Mmesikia alivyoichelewesha ile noti?" Wote tunaguna, "Mmh!" Nikuambie siri? Nusu ya zile noti sikuwahi kuzisikia. Lakini nani akubali mbele ya wenzake?

Sasa, kule Mgeta juu aliishi mzee mmoja, nitamwita Mzee Shomari. Ujanani alipiga piano kwenye bendi ya jazz iliyokuwa inapiga hotelini hapa mjini. Hoteli ilipotaka kuitupa ile piano, mzee aliiomba, akaipandisha Mgeta juu ya roli lililoshusha kabichi na kurudi tupu. Kutoka barabarani hadi kwake ni mlima wa kutambaa. Waliibeba wanaume wanane, na inasemekana wawili kati yao hadi leo hawamsalimii mtu yeyote wa ukoo ule.

Mzee huyu alikuwa anajirekodi mwenyewe nyumbani kwa redio ya kaseti. Kanda kumi na moja! Hakuna mtu duniani aliyekuwa nazo. Niliposikia hivyo nilikosa usingizi kama kijana aliyeona mchumba.

Nilianza kupanda Mgeta kila mwezi. "Shikamoo mzee!" "Marahaba, Mnyamwezi. Umekuja tena kubeba mizigo?" Waluguru na Wanyamwezi ni watani, kwa hiyo mzee alinitukana kwa raha zake na mimi nikamrudishia. Alinipigia piano. Ilikuwa imelegea nyuzi kwa ukungu wa kule, lakini alijua noti ipi imelala na akairuka kama mtu anavyoruka dimbwi mlangoni kwake. Nilimpenda yule mzee. Hilo ni kweli, na ndilo linaloniuma.

Ila kanda alikataa kunipa. "Hizi hazitoki, mtani. Humu kuna maneno ya nyumbani."

Maneno yenyewe nilikuja kuyajua kwa mkewe, Bi Mwajabu. Mzee alikuwa na binti mmoja tu, Zainabu, na hawakuwa wanasemeshana. Miaka ya nyuma Bi Mwajabu aliugua sana, Zainabu akataka ile piano iuzwe mama apelekwe kutibiwa. Mzee akakataa. Binti akasema mbele za watu, "Baba, wewe ulizaa piano, mimi uliniokota." Mzee akamfukuza. Mama alipona kwa kudra za Mungu, lakini binti akaenda zake Dodoma na hakurudi.

Unaona? Niliambiwa kisa kizima cha mtu aliyependa piano kuliko mwanawe. Nikatikisa kichwa, nikasema, "Duh, wazee wa zamani!" Kisha nikauliza kanda zimewekwa wapi.

Mzee Shomari alifariki ghafla. Nilipopata habari nililia, halafu, Mungu anisamehe, kabla machozi hayajakauka nikaanza kuwaza lile boksi.

Wewe unajua desturi. Watani ndio wanaochangamsha msiba. Kaburi linachimbwa, mtani anaingia mwenyewe ndani ajilaze, anasema ni fupi. Mtani anachukua sufuria, anachukua kiti cha marehemu, anatangaza kuwa ni chake. Wafiwa wanacheka hata kama hawataki, wanamtuliza kwa kuku au chochote, naye anarudisha. Kurudisha ndiyo desturi yenyewe. Anayechukua moja kwa moja huyo ni kibaka tu.

Basi nikajifunga kanga kiunoni, nikaimba kwamba leo Mluguru kashindwa kupanda mlima, apumzike. Watu wakacheka. Nikaingia chumbani, nikatoka na boksi la kanda kichwani. "Hili ni posho yangu! Nimebeba mizigo ya ukoo huu muda mrefu!" Vicheko! Mpwa wa marehemu akaniletea jogoo ili nirudishe. Nikamkataa jogoo. Akaleta wa pili. Nikamwambia jogoo wenu wamekonda kama ninyi. Watu walivunjika mbavu, na mimi nikateremka na boksi hadi kwenye gari, nikalifungia.

Bi Mwajabu peke yake hakucheka. Alinifuata hadi garini na eda yake, akaongea polepole. "Mtani, ukishachoka kuchezea, urudishe. Kanda mojawapo humo ni ya Zainabu. Baba yake aliniambia radhi zake kazisemea humo, maana kwa mdomo alishindwa. Mtoto yuko njiani, hakuwahi kuzika. Asikie japo hilo."

Nikamjibu, "Mama, ondoa shaka. Nitazisafisha, nitakuletea sauti nzuri kuliko alivyoiacha." Nilisema hivyo kwa mdomo wangu. Hakuna wa kumsingizia.

Nyumbani nikafungua boksi. Kanda zote zilikuwa na kuvu jeupe, unyevu wa Mgeta ulikuwa umezila. Nikajua kila moja itacheza mara moja tu, labda mbili, halafu kwaheri. Mtu mwenye akili angerekodi kila kitu kwenye kompyuta, hata kikohozi, kisha akate baadaye. Mimi nilikataa kompyuta. Eti kompyuta inaua joto la piano! Maneno hayo nilikuwa nawahubiria Masikio ya Dhahabu miaka yote, sasa ningewaeleza nini? Nikaunganisha mashine na mashine, kanda ya zamani huku, kanda mpya kule, na kidole changu juu ya kitufe cha kuisimamisha ile mpya isirekodi.

Mzee akipiga, naachia. Mzee akiongea, nabonyeza.

Na aliongea kweli! Anamwita mkewe apunguze moto. Anafukuza mbuzi. Anaeleza jambo, anasita, anapumua, anaanza upya. Mimi nabonyeza tu. Nilikuwa hodari, nikajisifu mwenyewe kwa jinsi nilivyokuwa nadaka mwisho wa noti kabla mdomo wake haujafunguka.

Mke wangu akachungulia mlangoni. "Mbona unamkatiza mzee wa watu?"

"Natoa takataka," nikamwambia. "Nikimaliza muziki nitarudi kwenye maneno."

Ndivyo nilivyojiambia. Muziki kwanza, maneno baadaye. Kanda ya tisa, ile ambayo mzee aliongea muda mrefu kuliko zote, niliibonyeza hadi kidole kikauma. Nikakumbuka Zainabu, naapa nilimkumbuka. Nikasema, ndiyo hii, nitairudia jioni. Jioni nikairudia. Ikatoa mvumo, ikakwaruza, kisha utepe ukakatika na kujiviringisha ndani ya mashine. Nilipouvuta, ile rangi yake ya kahawia ilibaki vidoleni mwangu kama unga, utepe ukawa mweupe unaopitisha mwanga.

Nilikaa chini. Halafu unajua nilifanya nini? Jumapili ile niliwaita wenzangu tusikilize. Walifumba macho. Mmoja akasema, "Kazi safi, hakuna hata kikohozi!" Nikapokea sifa. Mjinga mimi!

Bi Mwajabu alipomaliza eda ndipo walipokuja Kihonda, yeye na Zainabu. Kabla ya hapo alinipigia mara nyingi, na kila mara nilimwambia bado nasafisha. Walikuja na kikapu cha mapichi na karoti za Mgeta, zawadi ya kunishukuru. Kunishukuru mimi! Zainabu ni mtu mzima, mwalimu wa shule ya msingi, anavaa vizuri, anaongea kwa sauti ya chini. Aliniamkia kwa adabu. Alikuwa ameomba ruhusa kazini kwa ajili ya siku hiyo moja.

Ningesema ukweli pale pale mlangoni, angalau ningebaki na chembe ya utu. Badala yake niliwaingiza wodini, nikawasha mashine. Sijui nilitegemea nini. Labda niliamini piano ingemtosha, jinsi ilivyonitosha mimi.

Piano ikalia. Ilikuwa nzuri, Mungu wangu, ilikuwa nzuri sana. Zainabu alikaa ukingoni mwa kiti, mikono magotini, kila wimbo ukiisha anasogeza kichwa mbele. Bi Mwajabu anamshika mkono, anamnong'oneza, "Sasa hivi ataongea. Hapa huwa anaongea." Inasikika tk! kidogo, kisha wimbo unaofuata. Tena, "Sasa hivi." Tk! Ile sauti ndogo ilikuwa kidole changu. Upande wa kwanza ukaisha. Nikageuza. Upande wa pili ukaisha.

"Mtani," Bi Mwajabu akasema, "mbona haongei?"

Nikawaeleza. Nusu kwa Kiswahili, nusu kwa upuuzi, nikataja kuvu, nikataja unyevu, nikataja ubora wa sauti. Bi Mwajabu hakuelewa. Zainabu alielewa.

"Kwa hiyo wewe ulimsikia," akasema. "Masikio yako yalisikia kabla ya kukata. Alisema nini?"

Hapo ndipo nilipotenda dhambi ya pili, na ya pili ndiyo mbaya zaidi. Sikukumbuka hata neno. Nilikuwa nasubiri noti. Lakini niliona uso wake, nikasema, "Alikusamehe. Alisema, Zainabu mwanangu, nimekupa radhi zangu zote."

Akanitazama. Machozi yalikuwa yameanza kumlenga, nikayaona yanasimama.

"Alisema Zainabu?"

"Ndiyo. Zainabu mwanangu."

"Baba hakuwahi kuniita Zainabu tangu nizaliwe. Alikuwa na jina lake la kuniita." Akainuka, akachukua mkoba. "Na hilo jina sikutajii, utalitumia."

Mke wangu alikuwa mlangoni na sinia la chai. Alisikia yote. Alilirudisha sinia jikoni, na hadi leo hajakanyaga tena chumba kile.

Bi Mwajabu alibaki nyuma kidogo anatafuta viatu vyake. Nilitaka anitukane, kwa utani au kwa kweli, lolote. Aliniambia tu, "Asante kwa kutukaribisha, mwalimu." Mwalimu! Miaka yote aliniita mtani, mbeba mizigo, mla matembele.

Kuanzia hapo habari zilipanda mlima na kushuka. Wale wauza mboga wa Mgeta waliokuwa wakiniona sokoni wananipigia kelele, "Mnyamwezi, njoo ubebe gunia!", sasa wanainuka kidogo. "Shikamoo mwalimu. Nikupimie nyanya?" Wananipimia vizuri. Hakuna anayeniibia, hakuna anayenitania. Sijawahi kuheshimiwa hivi maishani na sitamani heshima ya aina hii impate hata adui yangu. Nilipeleka boksi Mgeta, kanda kumi na zile mpya zote. Mpwa wa marehemu alilipokea kwa mikono miwili, akanishukuru, hakunikaribisha ndani.

Masikio ya Dhahabu nimejitoa. Wananipigia, wanaomba nakala. Mmoja kaniambia, "Lakini ndugu yangu, si muziki upo?"

Ndugu zangu mnaokusanya vitu vya waliokufa, kanda, picha, barua, nawaomba. Kama umechukua kitu msibani kwa jina la utani, kirudishe leo kabla hujala. Na kama unayo sauti ya baba wa mtu, irekodi yote, mbuzi, kikohozi, kugombezana na mke jikoni, usiguse kitu, hujui mwenzako anasubiri nini humo. Msijidanganye kwamba mtarudi baadaye. Mimi kila Ijumaa baada ya swala napata ujumbe kutoka Dodoma, hauna matusi, ni mstari mmoja: "Shikamoo mwalimu. Bado hujakumbuka hata neno moja?" Nakaa na simu mkononi. Naweza kukupigia mluzi kanda ya tisa yote, mwanzo hadi mwisho, bila kukosea noti. Halafu namjibu, "Marahaba. Bado."