Gari Lililoacha Kuyumba

Kazi ya springi ni kazi ya kupiga. Chuma kinatiwa motoni mpaka kiwe chekundu, kinatolewa, kinapigwa. Kikipoa kinarudishwa, kinapigwa tena, mpaka kikubali kupinda anavyotaka fundi. Kichwa kigumu dhidi ya kichwa kigumu. Mwanamke mmoja aliifanya kazi hiyo kwa miaka ishirini na sita, na mtaa mzima wa gereji ulimwita Mama Springi, wakubwa kwa wadogo. Alikuwa mfupi, mabega mapana, na sikio lake la kushoto halikusikia vizuri. Ukimwuliza, atakwambia ni kelele za nyundo. Uongo mtupu. Sikio lile lilipasuliwa na kofi la marehemu mumewe, siku moja ya kazi, saa nne asubuhi, kwa sababu ya spana iliyowekwa mahali pasipo pake.

Marehemu ndiye aliyemfundisha ufundi. Alimfundisha vizuri na alimpiga vizuri, na katika yote mawili hakuwa mvivu. Majirani walipoliona jicho lililovimba, Mama Springi aliwajibu kabla hawajauliza: pleti imeruka. Na kweli pleti, zile bapa za chuma zinazounda springi, huruka. Springi iliyokazwa ikifyatuka inaweza kumvunja mtu taya, kila fundi analijua hilo, kwa hiyo hakuna aliyebisha. Miaka kumi na minne aliuza uongo huo na wateja walikuwapo. Kisha mume akafa kwa homa, kitandani, ameshikwa mkono, na mkewe aliona kwamba mtu yule amependelewa mno.

Alibaki na gereji na binti mmoja. Binti akakua, akasoma, akaolewa na fundi wa pampu za visima, kijana mrefu, mcheshi, mwenye heshima mpaka unamwonea huruma. Watu walimwita Pampu. Kazi yake ilikuwa ya safari, leo huku, kesho kule, basi akanunua basi dogo kuukuu, akang'oa viti, akaweka kitanda, jiko la gesi, kabati, sinki na meza ya kukunja. Likawa gari-nyumba. Mkewe akahamia humo pamoja naye. Mama mkwe alimpenda Pampu tangu siku ya kwanza, na hilo ndilo lililokuja kumuuma kuliko yote.

Mwaka wa pili wa ndoa walikuja gereji mchana, jua la utosi. Gari liliingia limelala upande wa kushoto, mabomba ya chuma yamefungwa juu ya paa, tangi la maji limening'inizwa nyuma kabisa. Binti akashuka. Shavu lake lilikuwa la zambarau.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usoni umefanya nini?"

Jibu lilitoka dirishani kwa dereva. "Gari hili litatuua, mama! Tukipishana na lori linataka kulala. Juzi mwanao anaosha vyombo, kona moja tu, akalivaa kabati zima. Nikasema twende kwa mama, yeye ndiye daktari wao."

Pampu akacheka. Binti naye akacheka, amechelewa kidogo.

Mama Springi akamshika bintiye mkono kumsogeza kivulini, akaziona alama juu ya kiwiko. Nne upande mmoja, moja upande wa pili. Kabati halina vidole. Na isemwe wazi hapa, asije mtu akamtetea: alijua. Alijua palepale, akiwa amesimama na grisi mikononi, maana uongo ule ulikuwa bidhaa yake mwenyewe. Lakini hakuuliza. Aliogopa kwamba akiuliza mbele ya mume, binti atakana, na Pampu atawasha gari asionekane tena. Basi akawaza kama fundi. Mtu huyu anasingizia gari. Nitalinyoosha gari, nione kesho atasingizia nini.

"Niachie siku nne," akasema.

Siku nne hizo hakuna aliyemsogelea. Alianza kwa kupanda paani na kuyatupa chini mabomba yote, moja baada ya jingine, kwa kishindo, mpaka fundi wa rangi wa jirani akaja kuuliza kama kuna vita. "Mzigo wote kichwani!" Mama Springi akafoka. "Halafu anashangaa kwa nini linapepesuka!" Mabomba akayafungia chini ya sakafu. Tangi la maji akalitoa mkiani, akaliweka katikati ya ekseli mbili, maana uzito ukikaa mkiani mkia ndio unaoendesha gari. Bushi zilizokwisha, zile pete za mpira za kwenye viungo, alizitoa kwa nyundo na matusi. Shokapu alizitupa hata bila kuzipima. Halafu akawasha moto, akatengeneza springi za nyuma upya, akaongeza pleti mbili kila upande, na kila alipopiga alipiga kama anampiga mtu, wakati mwingine marehemu, wakati mwingine yule mwingine. Chuma kilitoa cheche zikamchoma shingoni asijikune. Mwisho akafunga stebilaiza nyuma, kile chuma kirefu kinachoshika magurudumu mawili ili gari lisilale upande likiingia kona, akajaza matairi upepo unaostahili, kila tairi kwa uzito wake.

Siku ya tano walijaribu gari, Pampu usukanini, mama mkwe kando yake. Walipishana na malori matatu. Waliingia kona ya daraja kwa mwendo ambao zamani ungewapeleka mtoni. Gari lilipita limekaza shingo, kabati halikulia hata msumari.

"Mama, umefanya uchawi!"

"Haliyumbi tena," Mama Springi akasema, amemkazia macho. "Kwa hiyo mwanangu asije akaniambia kabati limempiga."

Pampu alicheka, ila kicheko kilikatika mapema. Mama akaona ameeleweka, na moyo wake ukatulia. Alipowaaga aliongeza jambo moja: baada ya kilomita elfu moja lazima warudi, akaze zile boliti zinazofunga springi kwenye ekseli, kwa sababu springi mpya ikishakaa boliti hulegea. "Usiporudi, ekseli itakuhama barabarani." Ilikuwa kweli tupu, kila fundi wa springi husema hivyo. Ila safari hii fundi alikuwa na lake, alitaka kumwona mtoto wake tena.

Walirudi baada ya wiki tano. Binti alishuka taratibu, mkono wa kulia umefungwa plasta kuanzia kiganjani hadi juu ya kiwiko, jino moja la mbele halipo. Mama alimtazama Pampu, akangoja. Kabati? Ngazi? Bafu? Pampu akasalimia kwa adabu zake zote, akaomba kiti na soda baridi, akakaa kivulini. Safari hii hakusingizia kitu. Hakuwa na kisingizio na wala hakukitafuta.

Mama Springi akajikaza kisabuni, akachukua spana kubwa, akaingia chini ya gari. Hakutaka waone uso wake. Binti akaja akachuchumaa karibu na gurudumu.

"Alikupiga lini?" mama akanong'ona. Swali hilo lilikuwa limechelewa, na wote wawili walijua.

"Mara ngapi, useme. Siku hizi ni njiani, mama. Barabarani."

"Akiwa anaendesha?"

"Ndiyo. Zamani alikuwa hawezi. Lile gari lilikuwa linamvuta huku na huku, analishika kwa mikono yote miwili, jasho linamtoka, hana hata nafasi ya kunitukana. Ugomvi ulikuwa unangoja tufike. Barabarani ndiko nilikokuwa napumzika. Sasa linakwenda lenyewe. Anashika usukani kwa mkono mmoja."

Mama Springi alilala chali akaitazama kazi yake. Pleti zimepangana vizuri, bushi mpya, stebilaiza imekaa pake. Hakuna fundi mtaani ambaye angeikosoa.

Alikuwa amekaza boliti zote, imebaki nati moja ya mwisho. Mkono ukasimama. Nati moja tu. Angeiacha hivyo ilivyo, amwombe binti abaki siku mbili, na kona ya daraja ingemaliza maneno. Alipumua mara tatu. Kisha akakumbuka kwamba kwenye kona hupita na watu wengine, wenye watoto wao, akaikaza nati ile mpaka spana ikalia. Kama ni kumwumiza, atamwumiza kwa mkono wake, uso kwa uso.

Akatoka chini ya gari.

"Tayari, mama?" Pampu akauliza.

"Boliti tayari." Akamgeukia binti. "Panda utoe vitu vyako."

"Vitu gani?" Pampu akasimama, chupa ya soda ikaanguka. "Mama, nakuheshimu. Usiingilie nyumba yangu." Na bila hata kuinua sauti akamdaka mkewe, akamshika palepale kwenye plasta, akavuta. Binti alitoa ukelele uliosimamisha gereji nzima.

Spana ilishuka. Ilimpata Pampu mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, na mfupa ukalia kama ubao. Akamwachia mkewe, akarusha ngumi ya kulia iliyompata mama mkwe mdomoni. Mama Springi akaangukia rundo la pleti za zamani, akapasuka nyusi, akanyanyuka. Pigo la pili akalipeleka kwenye paja. La tatu lilikosa kichwa likavunja kioo cha pembeni cha gari. "Hilo nalo sema ni kabati!" alikuwa anapiga kelele, damu inamtoka mdomoni. "Sema ni kona! Sema!" Alikuwa na miaka hamsini na tatu, na hakuwahi kumrudishia mtu pigo maishani mwake. Fundi wa rangi na mchomeleaji wakaja mbio wakamshika mabega, na walimshika kwa shida.

Pampu akapata upenyo. Akajitupa ndani ya gari, mkono wa kushoto unaning'inia, akapachika gia kwa mkono wa kulia uliovuka kifua, akatoka. Langoni kulikuwa na shimo ambalo kila gari la mtaa ule lililiinamia. Gari-nyumba lilipita juu yake limenyooka, likakata kona bila kupunguza mwendo, likashika barabara kuu.

"Lakini mama," fundi wa rangi akasema, maana mdomo wake hakuwahi kuutawala, "umelinyoosha kweli. Mkono mmoja, na halitikisiki!"

Mama Springi akatema damu. "Nimelinyoosha," akasema. Kisha akaketi palepale kwenye vumbi akalia kwa sauti, mbele ya mafundi wote, na bintiye akaketi kando yake, akamshika bega kwa mkono ule mzima.