Nilivyompiga Baba Mkwe kwenye Televisheni

Aibu niliipata, sikatai, na walioniona wapo bado huko Gihosha, lakini kuomba radhi kwa sababu nilishinda, apana, hiyo sitaiomba.

Ilikuwa Jumapili mchana, mara ya kwanza mchumba wangu Claude ananipeleka kwao ili wamwone huyu msichana anayetoa mizigo ya watu bandarini, na mi nimevaa imvutano, ile nguo yetu ya sherehe, ya kuazima kwa dada (ndefu kunizidi, lakini nilitaka kuonekana binti wa heshima), nimekaa kwenye kanape kimya, mpaka baba yake aliposhika maneti, kile kidude cha kubonyeza, na kuwasha mchezo wa ngumi kwenye televisheni. Kumbe muzee ndiye bingwa wa nyumba. Akaniuliza kama najua kucheza. Claude akanikanyaga mguu nikatae. Mi nikasema najua kidogo.

Kidogo gani, mi ule mchezo naujua kuliko njia ya kwetu. Uzuri wake, hauna upendeleo: ngumi ina uzito, unaisikia mpaka kwenye vidole, na mpiganaji mdogo mwenye akili anaangusha jitu. Ubaya wake, ukimmaliza mtu wanalionyesha pigo la mwisho polepole, mara tatu, na hakuna pa kubonyeza ili liishe.

Raundi ya tatu, kila mmoja ameshinda moja, Claude akaninong'oneza nimwachie muzee. Nilifikiria, kweli, kama sekunde mbili. Halafu mpiganaji wa muzee (alimchagua mwenye ndevu nyeupe kama zake) akaacha kifua wazi, nikabonyeza, nikaruka juu nikipiga kelele: «Lala chini, muzee!»

Kuruka ndiko kuliniponza. Nilikanyaga pindo la nguo, nikaanguka na meza ndogo, Fanta zote kwenye mapaja ya mama mkwe, na mi kifudifudi miguuni pa mchungaji wao waliyemwalika, huku televisheni inaonyesha mwenye ndevu anavunjwa taya, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu.

Mama mkwe akajifuta, akamuuliza Claude kama huyu ndiye aliyemchagua. Claude akatazama sakafu. Hapo niliumia kuliko goti. Nikainuka mwenyewe, nimelowa, nikasema: «Mama, unisamehe kwa Fanta, na kwa kelele. Lakini kumwachia Papa, ningekuwa namudanganya.»

Muzee akaokota maneti yangu, akaipangusa kwa shati lake, akanirudishia. «Kaa,» akasema. «Hapa kila mutu ananiachiaga, na mi nafikiri ni nguvu yangu. Tuanze tena.»

Nikampiga tena. Mama mkwe alichukua miezi kabla ya kuniita kwa jina, na harusi tulifunga hivyohivyo. Siku hizi nikishinda nabaki nimekaa na mdomo nimefunga. Kushindwa kwa makusudi sijajifunza, na Claude ameacha kuniomba.