Uzi Ndani ya Blenda

Majirani walimwita Mama Sindano, na si kwa sababu ya cherehani peke yake. Muuzaji akimwapia kwamba kitambaa hakichuji rangi, yeye huloweka kipande kwanza. Zamani mumewe alimuaga kwa sauti ya upole kwamba anakwenda safari ya kazi, asionekane tena. Baadaye fundi mmoja alichukua cherehani yake kwenda kuitia mafuta, akairudisha ikiwa na mota kuukuu ya mashine nyingine. Tangu hapo hakuna kitu chake kilichovuka mlango kwenda kutengenezwa.

Kwa hiyo blenda ilipokufa, na bintiye akasema, "Si yupo fundi, mama," aliona hapo pana jambo. Fundi mwenyewe ndiye kijana aliyetaka kumwoa huyo binti. Alikuwa ameomba awalete wazazi wake, na Mama Sindano hakuwa amesema ndiyo wala hapana.

"Aje," alisema. "Ila ataitengenezea hapa hapa."

Siku ya kazi, kabla kijana hajafika, alijifungia jikoni. Akatwaa bisibisi ya cherehani, akafungua kitako cha blenda, na upande wa chini wa mota, karibu na feni yake ndogo, akafunga uzi mwekundu kwenye waya. Alitumia fundo lile lile analomalizia mishono. Kijana akiibadilisha mota, alijisemea mama, uzi utamuumbua.

Kijana akaja na begi la vifaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa hapo penye mwanga."

"Nilifikiri labda niichukue nikaipime kule karakana..."

"Blenda yangu haipendi safari."

Kijana akakaa. Kila skrubu aliyoitoa aliiweka kwenye kisosi. Mama Sindano alikuwa mbele yake, anashona kifungo ambacho hakikuwa kimelegea.

"Mbona unatia mfukoni?"

"Leso yangu, mama."

Binti, aliyekuwa anaosha vyombo, akageukia ukuta kuficha kicheko.

"Kaboni zimelika," kijana akasema, akionyesha vipande viwili vyeusi vinavyopitisha umeme kwenye mota, vifupi kama penseli iliyochongwa mpaka mwisho. Akatoa vipya begini.

"Umejuaje kuja na hizo kabla hujafungua?"

"Blenda za aina hii zinaugua hivyo hivyo, mama. Nilibahatisha."

Mama Sindano akaliweka neno hilo moyoni. Daktari anayekuja na dawa kabla ya kumwona mgonjwa!

Kaboni zikaingia, kitako kikafungwa, swichi ikabonyezwa. Blenda ikanguruma kidogo, ikakoroma, ikatoa harufu ya kuungua.

"Umeimaliza," alisema Mama Sindano, na sauti yake ilikaribia furaha. "Ilikuwa haizunguki tu. Sasa inaungua."

Binti akaacha vyombo. Alijua fika kwamba kilichokuwa kinapimwa mezani si blenda.

Kijana akachomoa waya ukutani, akafungua upya, akapindua mota. Kwa kibanio akaanza kuvuta kitu kilichojiviringisha kwenye feni: uzi mwekundu, mrefu, umeungua ncha moja. Akautazama. Akaitazama cherehani pembeni, na kijiti cha uzi mwekundu juu yake. Kisha akamgeukia binti.

"Panya," akasema. "Wanavuta nyuzi kujengea viota. Mimi nimewahi kukuta hata soksi."

Mama Sindano akaacha kushona. Ule uongo ulitoka laini, bila kope kucheza, kwa sauti ya upole kama ile aliyoisikia siku mumewe alipomuaga.

Binti akauchukua uzi. Alijifunza kushona kabla hajajua kusoma. Akaligeuza fundo vidoleni.

"Huyu panya amesomea ushonaji."

"Wapo wa hivyo," kijana akajibu, macho kwenye skrubu.

Mama Sindano angeweza kunyamaza. Kijana alikuwa amemfungulia mlango wa kutokea. Akaupindua ule uongo kama anavyopindua nguo kutazama mshono wa ndani, akitafuta faida ya aliyeusema iko wapi. Mumewe hakuwahi kudanganya kwa faida ya mwingine. Na huyu je? Kumfichia mama mkwe siri nako ni faida.

"Humu hamna panya," akasema. "Uzi ni wangu. Nilikuwekea nijue kama utaniibia mota."

"Nilijua, mama."

"Na ukadanganya."

"Ndiyo."

"Unadanganya vizuri."

"Wapi! Hata huyu hakuniamini."

Binti akacheka, akajiziba mdomo na mkono wenye povu. Kijana akachomeka waya, akawasha. Blenda ikazunguka, nyepesi, haina kelele. Akaizima na kushika bisibisi.

"Usifunge kwanza," alisema Mama Sindano.

Akavaa miwani, akaigeuza blenda kuelekea dirishani, akainama. Asubuhi, alipokuwa anafunga uzi, aliona doa la kutu ubavuni mwa mota. Akalitafuta kwa kidole mpaka akalipata.

"Haya, funga," akasema, bado ameinama. "Na wazazi wako waje."