Dizeli ya Kwenda Ukweni

Mradi wa kilimo ulioniajiri Voi miaka ya tisini ulinipa gari la dizeli linaloweza kusukumwa na magurudumu yote manne, kuukuu, pamoja na tangi moja la mafuta kwa wiki. Kazi yangu ilikuwa kuwatembelea wakulima hadi Njukini, karibu na mpaka, kisha kurudi. Bosi aliniambia kwamba dizeli itakayobaki Ijumaa jioni ni yangu kwa shughuli zangu. Angekosaje kuwa mkarimu, na dizeli haijawahi kubaki hata siku moja?

Na shughuli nilikuwa nayo. Wundanyi kulikuwa na mwalimu mmoja msichana niliyempenda hadi ugali ukanishinda, na baba yake alikuwa amekubali kuniona. Miadi ya kwanza niliikosa kwa kukosa dizeli. Ya pili vilevile. Matatu zilikuwepo, lakini nilishajigamba katika barua kwamba nina gari, na kiburi changu hakikujua kupanda matatu. Mzee akatuma neno: Jumamosi hii, au nisijisumbue tena.

Nikakimbilia kwa fundi wangu, mzee wa Kiislamu mwenye gereji pale Voi. Alikuta kichujio cha hewa kimejaa vumbi jekundu la kutosha kupandia muhogo. Magurudumu yalikuwa yamepungua upepo, na ya mbele nilikuwa sijayafungua yazunguke huru tangu matope ya mvua zilizopita, kwa hiyo injini ilikuwa ikiyasukuma yote manne hata kwenye barabara kavu. Akarekebisha kila kitu, kisha akanitazama miguuni.

"Vua viatu, mwanangu," akasema. "Gari hili halina ulafi. Mlafi ni huo mguu wako. Ukikanyaga pekupeku utaisikia injini inavyolalamika, nawe utashika adabu."

Nilishika adabu kupita kiasi. Nilifungua keria ya juu nikaiacha nyumbani, nikatoa viti vya nyuma, sanduku la vifaa na hata mkeka. Nikaendesha pekupeku wiki nzima, mwendo uleule, nikipandisha gia mapema na kuzima injini kila niliposimama kusalimiana na mtu. Nilipopita Salaita, njiani kwenda Njukini, mshale wa mafuta ulikuwa haujashuka hata robo, nami nikaimba kwa sauti, peke yangu, vibaya sana.

Sasa, Njukini mgeni haachiwi aondoke mikono mitupu. Mama aliyeongoza kikundi cha wakulima alikuwa ameniwekea mkungu wa ndizi.

"Hii ndizi ni yako," akasema. "Na gunia ya mahindi iko hapo, tutakupakilia."

"Asante mama, lakini gari haiwezi kubeba."

Akachungulia nyuma. "Haiwezi, na iko tupu hivi?"

Nikawasha gari, nikamwacha amesimama na mkungu wake.

Jumamosi nilipanda Wundanyi na nusu tangi, nikijiona bingwa. Familia nzima ilikuwa imetoka nje kunipokea. Niliposhuka ndipo nilipohisi changarawe nyayoni: kwa mazoea ya wiki nzima, viatu nilikuwa nimeviacha chini ya kitanda, Voi. Mzee aliitazama miguu yangu, akaenda kufungua mlango wa nyuma ili anisaidie kushusha mizigo. Hakukuwa na hata kitunguu.

Nikamweleza yote, na Mungu anisamehe, nilieleza kwa majivuno. Kichujio, upepo, gia, hadi ndizi za Njukini nilizozikataa kwa sababu ni nzito. Mpenzi wangu alijifunika uso kwa leso.

"Kijana," mzee akasema polepole, "kama mkungu wa ndizi ni mzigo, binti yangu utampakia wapi? Na watoto? Na mimi nikishindwa kutembea?"

Nilitamani ardhi inimeze. Niliona aibu, si ya miguu tu, bali ya yule mama niliyemwacha kando ya njia.

"Rudi Jumamosi ijayo," akasema. "Nataka kuona gari lako lina nafasi ya nini."

Wiki iliyofuata nilirudisha viti, nikaenda Njukini kuomba radhi. Mama yule alinisikiliza hadi mwisho, akacheka hadi akakaa chini. Kisha akapakia mikungu miwili, mahindi, maharagwe na kuku, akamalizia kwa kupanda yeye mwenyewe.

"Wewe haujui kuongea na wazazi ya watu," akasema. "Nitakuongelea."

Alilala kwa binamu yake Voi, na Jumamosi akaniongelea vizuri kuliko nilivyostahili. Mzee alizunguka gari mara mbili, akagusa kila gunia, akasema sawa.

Tulishuka tukiwa na kabichi za mama mkwe hadi kwenye paa, na dizeli ikatuishia kabla ya Mwatate. Nilituma neno Voi kwa matatu iliyopita, na fundi akaja juu ya lori, na jerikeni mkononi, akaanza kutoa hewa kwenye mabomba, maana gari la dizeli likikauka haliwaki hivihivi. Alikuwa amekasirika kwelikweli.

"Nilikufunza nini mimi?"

"Wamenikubali," nikamwambia.

Akanitazama miguuni, akaona viatu. Akatazama kabichi, kisha yule mama wa Njukini aliyekuwa amekumbatia gunia, akitafuta kwa macho mahali pa kukaa yeye.

"Ingia, mzee," nikasema. "Nafasi ipo."