Ulaya ya Karatasi za Sukari

Kwa miaka kumi na mmoja Hadiya binti Muhidin alikunja vifuko vya sukari katika duka moja la Nakuru, na hakutumia gundi wala mkasi. Kona mbili ndani, ukucha wa kidole gumba juu ya mkunjo, na kifuko kikasimama chenyewe. Wateja wa Subukia walisema sukari ya Hadiya hufika nyumbani bila kumwagika hata chembe. Lakini kila kifuko kilitoka na mhuri wa duka. Jina lake halikuandikwa popote.

Mwaka 1956 mwenye duka alitundika kalenda yenye picha za Ulaya. Hadiya hakujua kusoma, ila mikunjo aliiona. Paa lile ni kifuko kilichopinduliwa. Mnara ule ni kifuko cha njugu kilichochongolewa zaidi. Kila mara duka lilipotulia alikunja, na kufikia Desemba sinia yake ilibeba mji mzima wa karatasi ya buluu: mnara wa chuma, saa ndefu kama mnara, madaraja, nyumba zilizosimama majini.

Mwaka uliofuata likatangazwa shindano la kazi za mikono, na kundi mojawapo lilikuwa la mfano wa mji. Kila mshiriki angeandikiwa kadi yenye jina lake.

"Dada, utawapelekea watu vya kufungia sukari?" Khadijo, mdogo wake aliyekuwa mshonaji, alimtania.

"Hivyo vitambaa vyenu vya kushona vinasimama vyenyewe?" Hadiya akamrudishia.

Siku ya shindano mwamuzi, mama wa Kizungu mwenye kofia pana, aliizunguka sinia mara mbili, kisha akamnong'oneza karani wake. Wanyoike, karani huyo, akakohoa.

"Mama, kazi yako ni safi, lakini itaondolewa mezani. Sheria inasema mji mmoja. Mnara huu uko nchi moja, saa nchi nyingine, nyumba za majini mbali kabisa. Memsabu anauliza, mji huu unaitwaje?"

"Ulaya."

Ukumbi mzima ulicheka. Masikio ya Hadiya yakawaka moto. Maisha yake yote aliwasikia watu wakisema fulani ametoka Ulaya, kama mtu anavyotoka Naivasha. Aliivuta kanga ili aifunike sinia. Mkono ukakataa.

"Muulize memsabu, yeye alizaliwa wapi?"

"Mama, wacha maneno."

"Muulize tu."

Yule mama hakungoja tafsiri. "Mimi natoka Ulaya," akajibu mwenyewe, kisha akagundua naye ameitaja Ulaya kama mji mmoja.

"Basi nionyeshe nyumba yenu."

Mama wa Kizungu akainama, akatafuta kwa dhati kati ya minara, akatikisa kichwa. Hadiya akatoa karatasi moja kifuani.

"Ilikuwa na madirisha mangapi?"

"Matatu. Na mlango mdogo."

Watu wakasogea. Kicheko kiliisha, ukasikika ukucha tu ukipita juu ya karatasi. Nyumba ikasimama. Hadiya akaiweka kando ya daraja, na yule mama akamwambia Wanyoike alete kadi.

Zawadi ya kwanza ilikwenda kwa mtu mwingine. Hadiya hakuuliza hata ni nani. Alikuwa amemshika Wanyoike mkono wa shati.

"Soma tena."

"Nimesoma mara tatu, mama! 'Ulaya. Imekunjwa na Hadiya binti Muhidin, Nakuru.'"

"Sasa msomee Khadijo. Pole pole, asikie na jina la baba."