Taa Mbili za Pikapu na Macho ya Mama

Mama yangu alikuwa amefikia hatua ya kunitambua kwa mlio wa kandambili zangu. Mtoto wa jicho alikuwa ameziba macho yote mawili. Kwa hiyo tuliposikia kwamba madaktari wa macho watakuwa Nzega kwa siku tatu, sikungoja. Siku ya kwanza, kulipopambazuka tu, nilimpandisha kwenye pikapu tukaondoka Kigwa.

Pikapu hiyo aliinunua marehemu mume wangu ikiwa tayari imechoka, nami naitumia kubebea karanga. Kwenye dashibodi yake kulikuwa na taa ya njano, ile ya breki za ABS, iliyowaka tangu mvua za masika. Fundi mmoja wa barabarani aliniambia haina neno, akaibandika utepe mweusi ili isinisumbue. Nami sikuiwaza tena.

Tulipokuwa tunaingia Tabora mjini, ikawaka nyingine, nyekundu. Nilidhani sikushusha hendibreki vizuri. Nikaipandisha, nikaishusha. Taa haikuzima, na pedeli ya breki ilikuwa laini chini ya mguu wangu. Nikaenda taratibu hadi kwenye gereji niliyoelekezwa na muuza mkaa.

Fundi alikuwa mzee wa kanzu fupi yenye nembo ya sabuni ya unga kifuani, peke yake siku hiyo. Ukoo wao ni wa wahunzi waliofika mjini zamani za misafara, na ua wao bado umejaa vyuma.

"Shikamoo, fundi. Naomba uniongezee mafuta ya breki tu, nina haraka. Nampeleka mama Nzega."

"Marahaba." Akamgeukia mama, akamwamkia kwa heshima, kisha akachungulia dashibodi. Kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye utepe mweusi, akaubandua. "Hizi taa ziliwaka pamoja?"

Nilimweleza, nikiona aibu.

"Basi ni magonjwa mawili," alisema. "Ya njano inasema tairi zinaweza kujifunga na gari kuteleza ukikanyaga ghafla. Breki za kawaida bado unazo. Nyekundu ni kwamba hata hizo za kawaida zinaondoka."

Alifungua boneti. Mafuta yalikuwa chini ya alama. Akayajaza, akaniambia nikanyage pedeli na kushikilia. Ikazama polepole mpaka karibu na sakafu. Akatandika gunia, akaingia chini ya gari, na aliporudi alinionyesha vidole vyake vilivyolowa mafuta.

"Bomba la breki za nyuma limeoza kwa kutu, linavuja. Ningekuongezea mafuta uende, lingepasuka njiani."

"Nitaendesha polepole, fundi. Madaktari hawatanisubiri."

"Ng'ombe akiingia barabarani hatakuuliza kama ulikuwa polepole. Gari hii haitoki hapa leo, mama. Ukikasirika, kasirika."

Nilikasirika kweli. Nilikwenda kusimama kwenye lango nikimpa mgongo. Nilifikiria basi, lakini mama alikuwa ameanguka mara moja kwenye ngazi za basi na aliapa hatapanda tena. Nikarudi.

Alikata bomba jipya, akalikunja kwa mikono akifuata mikunjo ya lile la zamani. Baada ya kulifunga ikabidi kutoa upepo kwenye mfumo. Yeye awe chini akifungua na kufunga nati, mimi niwe kwenye boneti nikiongeza mafuta yasiishe. Alihitajika mtu wa tatu wa kukanyaga pedeli.

"Nipandisheni mimi," mama alisema kutoka kwenye benchi. "Miguu yangu haina mtoto wa jicho."

Tukampandisha. Hakuwahi kukaa kiti cha dereva maisha yake yote. Alivua kandambili, akapapasa hadi akaipata pedeli.

"Kanyaga, mama! Shikilia!" fundi aliita kutoka chini.

"Nimeshika!"

"Achia!"

Waliendelea hivyo kwa muda mrefu, na mama akawa anajibu kwa sauti inayozidi kupanda, hadi wapita njia wakasimama kutazama. Kisha akasema, "Sasa imekuwa ngumu kama jiwe." Fundi akatoka akicheka. Taa nyekundu ilikuwa imezima. Nilipomwona mama ameshika usukani kwa mikono miwili, hasira yangu yote iliisha.

Jioni ilipokaribia akaanza na ile ya njano. Kimashine chake cha kusomea hitilafu kilionyesha tatizo liko tairi la mbele kulia. Nilidhani atanitaka ninunue sensa mpya, kile kifaa kinachosoma mzunguko wa tairi. Badala yake alipima waya wake kwa mita ya umeme huku mimi nikizungusha usukani, na kila mara tairi lilipogeuka mshale wa mita ulianguka. Waya ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake. Akauunga, akaifuta sensa tope, akaendesha hadi mwisho wa mtaa na kurudi. Dashibodi ilikuwa giza tupu.

Tulilala kwake. Mkewe alitupikia wali na maharage, akazungumza na mama kwa Kinyamwezi kama watu waliokua nyumba moja. Asubuhi tukaondoka, na mchana mama alikuwa kwenye foleni Nzega. Walimfanyia jicho la kulia. Bandeji ilipotolewa alinitazama, akasema nimekonda na nywele zangu zinahitaji kusukwa.

Tuliporudi nilipitia gereji kushukuru. Fundi alikuwa chini ya lori, nikaona miguu yake tu. Nilianza hotuba niliyoiandaa njia nzima, nikaishia kulia.

"Mama anaonaje?" miguu ikauliza.

"Anaona vumbi lote la nyumbani kwangu, fundi. Hanipi amani."

"Alhamdulillahi," alisema, na akaniomba nimsogezee spana ya kumi na saba.